Chungu cha Mizizi ya Manjano

Kila asubuhi, katika mwaka ule wa vita vya Wadachi na Waingereza, Loisi alitoka nyumbani kwao Nkuhungu na jembe begani, akapanda mlimani. Zamani angekuwa anachunga mbuzi. Sasa mbuzi hawakuwapo. Askari wa Mdachi walipita wakachukua mbuzi, wakachukua mtama wote ghalani, kisha wakamchukua na baba yake, Yotham, awabebee mizigo. Hakuna aliyejua kama angerudi.

Mlimani, chini ya miti, viliota vichaka vidogo vyenye maua ya manjano. Wakati wa shibe nani alihangaika navyo? Njaa ilipoingia, watu walichimba mizizi yake. Lakini mizizi ile ilikuwa na sumu. Ilichemshwa, maji yakamwagwa, ikachemshwa tena kwa maji mapya, hivyo hivyo mpaka maji yatoke meupe. Yakiwa bado na umanjano, mizizi hailiwi. Kila mtoto wa Nkuhungu alilijua hilo.

Shida ilikuwa hayo maji. Kisima kilichimbwa mchangani, kwenye korongo lililokauka, na watu walikaa wakingoja maji yajikusanye kidogo kidogo. Siku moja Loisi alirudi kutoka huko na rafiki yake Ruthu, mtungi kichwani.

"Nikishamwaga haya, sirudi tena kisimani," alisema. "Nimechoka, Ruthu. Nitaanguka njiani."

"Basi mwaga mara moja tu. Mama yako atajuaje?"

Loisi akafanya hivyo. Mama yake, Anyesi, aliporudi na kuni, aliuliza, "Maji yametoka meupe?"

"Ndiyo, mama. Meupe kabisa."

Sila, mdogo wake, hakungoja kukaribishwa. Alichopoa kipande chunguni, akala, akachopoa kingine. Haukupita muda akaanza kutapika, mwili ukamlegea, macho yakamgeuka. Loisi alielewa papo hapo.

"Ni njaa hii!" mama alilia. "Tumbo tupu linamwua mwanangu! Lete kata nimnyweshe mchuzi, apate nguvu."

Ndani ya nyumba yao ya tembe mlikuwa na giza, rangi ya mchuzi haikuonekana. Mama alichota, akamwinua Sila kichwa. Loisi aliogopa fimbo, tena aliona aibu kubwa, lakini kata ilikuwa imeshafika mdomoni.

"Mama, usimpe! Nilikudanganya! Nilimwaga maji mara moja tu!"

Kata ilianguka. Mama hakumpiga. Alimpakata Sila, akamnywesha maji safi yote yaliyobaki mtungini, funda baada ya funda. Jioni mtoto alifumbua macho, akaomba chakula. Chakula hakikuwapo. Mizizi yote ilikuwa imemwagwa nje.

"Nisamehe, mama," Loisi alisema huku akilia.

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize," mama alijibu kwa sauti ya uchovu. "Nimenyang'anywa mume, nimenyang'anywa mtama. Sijui kama tutaufikia mwaka mwingine. Nimebaki na nyinyi wawili, na neno lako ndilo ninalolitegemea. Nikikuuliza, niambie kweli, hata ikiwa mbaya. Leo nusura nimwue mdogo wako kwa mkono wangu mwenyewe, nami nikidhani namponya."

Siku hiyo walilala bila kula, wote watatu.