Gitaa la Kumi

Kila akitoka shule, Chiriku hupitia kwenye karakana ya shangazi yake kusaidia kazi. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haupumziki. Siku hiyo, ajabu, alikuwa kimya. Alifagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa, akaenda chooni mara tatu, akarudi kufagia tena.

"Wewe, umekalia siafu?" Fundi Mkuu alimtania.

"Hamna kitu, fundi."

Kitu kilikuwepo. Magitaa kumi yalikuwa yakipakiwa garini, zawadi kwa watoto wa shule ya jirani. Shangazi ni binti wa babu yake Chiriku, mwanamuziki ambaye hakuna redio isiyopiga nyimbo zake. Naye aliimba miaka mingi, kisha akaacha jukwaa akafungua karakana hiyo, na magitaa mengine huyagawa bure. Kwenye gitaa la kumi, Chiriku ndiye aliyebandika kwa gundi kibao kinachoshika nyuzi. Aliambiwa asifungue vibanio vilivyokishikilia mpaka ipite siku nzima, gundi ikauke. Yeye akavifungua asubuhi yake kabla ya kwenda shule, akatia nyuzi, kwa hamu tu ya kulisikia likilia. Fundi alipomuuliza kama muda umetimia, akajibu ndiyo.

 Sasa aliona akilini kibao kikifyatuka mikononi mwa mtoto wa watu, na mtoto huyo akilaumiwa bure. Dereva akawasha gari. Chiriku akatupa fagio.

"Shangazi, wasimamishe! La kumi bovu. Nilidanganya!"

Shangazi akalitoa, akapitisha ukucha chini ya kibao. Ukaingia.

"Nilidhani kwa kuwa sisi ni watu wa babu," Chiriku alilia, "chetu hakiharibiki."

"Mwanangu, mimi nilipigiwa makofi hata nikiimba ovyo, kwa sababu ya baba. Nikachoka. Nikaja kwenye mbao, maana gundi haijui mtu ni mtoto wa nani. Ukiinyima muda wake, inakuumbua. Umechelewa kusema kweli, ila umesema. Panda gari, ukamwambie mtoto mwenye gitaa hilo."

Shuleni, watoto tisa walipokea magitaa yao. Wa kumi, msichana mwembamba, alibaki amenyoosha mikono. Chiriku akamsogelea, uso ukimwaka kwa aibu.

"Lako lipo. Nililiharibu mimi kwa haraka zangu. Nitakuletea keshokutwa."

"Kwa nini isiwe kesho?"

"Gundi," Chiriku akajibu. "Lazima tuisubiri."