Mtindi Mzito wa Samiha

Kila nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kuchemsha maziwa ya ng'ombe wetu, kuyapoza, kisha kuyagandisha yawe mtindi. Siku moja nikaona uvivu kupuliza kuni, nikayagandisha mabichi. Mtindi ukatoka mzito, majirani zetu wa Pongwe wakanisifu mpaka nikavimba kichwa. Sikuchemsha tena. Mama akiuliza, namwambia nimechemsha.

Baba yangu, mzee Uweso, ni muadhini wa msikiti wetu, na ndiye aliyeupenda mtindi huo kuliko wote. Baada ya miezi michache akaanza kupata homa za jioni, jasho, na maumivu ya kichwa na mgongo. Alipewa dawa za malaria, kisha za homa ya matumbo, wapi! Mwishowe sikio moja likaziba, akawa anapepesuka akitembea. Mtaani wakanong'ona kwamba muadhini siku hizi anakunywa pombe. Rafiki yangu Sele akaigiza mwendo wake, nami, Mungu anisamehe, nikacheka.

Tukampeleka hospitali mjini. Daktari Praxeda akauliza kama tunatumia maziwa mabichi.

"Hata tone," mama akajibu, akanishika bega kwa fahari. "Samiha wangu huyu huyachemsha mwenyewe."

Daktari akaanza kuandika. Baba alikuwa ameegemea ukuta asianguke. Nikajua tukirudi nyumbani hivi, baba hatapona.

"Shikamoo daktari," nikasema, ingawa nilishamwamkia. "Sichemshi."

Mama akauondoa mkono begani mwangu. Afadhali angenichapa.

Daktari akapima damu, kisha kwa sindano akachukua maji ya uti wa mgongo. Ikaonekana ni brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nao ulishafika kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Akatueleza kwamba kugandisha maziwa hakuui vijidudu vyake; moto ndio unaoviua. Baba akaandikiwa dawa za aina tatu, azitumie miezi mingi bila kuruka hata siku moja. Sisi wengine tukapimwa, na bwana mifugo akaja kumpima ng'ombe.

Mwezi wa tano wa dawa, baba alikwenda msikitini kwa miguu yake, bila kushikwa mkono. Aliporudi akaniita.

"Uvivu wako ningeuvumilia, mwanangu," akasema. "Lakini ulipokea sifa ya kazi usiyoifanya, ukaogopa kuipoteza, mimi nikawa naumia. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, hata kama uso unawaka."

Nikaitikia, uso ukiwaka.