Ukingo wa Vidole Vinne

Mpwa wangu aliungua jua siku ya Jumanne, kwenye uwanja wa shule, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano. Aliungua shingo, masikio yote mawili na migongo ya viganja. Hakutakiwa kuwa uwanjani. Waliosababisha ni watu watatu, na mmoja wao ni mimi.

Ana miaka kumi na miwili na ana ualbino. Maana yake ni kwamba mwili wake hautengenezi vya kutosha ile rangi inayoikinga ngozi na jua. Alizaliwa hivyo, amerithi kwa baba na kwa mama, na hauambukizi. Macho yake hayaoni mbali vizuri, kwa hiyo darasani anakaa mbele. Basi, ni hayo tu. Mengine yote ni ya mtoto yeyote: anapenda kulala, anachukia kuosha sufuria, na akianza kubishana humwezi. Amerithi jina la mama yangu, ndiyo maana namwita Mama. Yeye na mama yake, ambaye ni dada yangu, wanaishi nami katika vyumba viwili, na mchana chumba cha mbele kinageuka mahali pangu pa kazi. Mimi ni fundi cherehani. Shule niliacha darasa la tano, lakini kofia nazijua.

Kofia zake nashona mwenyewe. Ukingo ni wa vidole vinne kuzunguka kichwa chote, kitambaa mara mbili, katikati naweka kitambaa kigumu ili usilegee ukamwangukia machoni. Vidole vinne si urembo. Nilimsimamisha uani jua likiwa kali, nikawa nazungusha karatasi ngumu kichwani mwake, naipunguza na kuiongeza, mpaka kivuli kikafunika masikio na shingo. Kila asubuhi anajipaka losheni ya kuzuia jua, anavaa shati la mikono mirefu, anavaa kofia, nami namwambia, "Mama, geuka nikuone." Anageuka huku amenuna, kisha anaondoka.

Wiki mbili kabla ya Jumanne hiyo alirudi shuleni akaitupa kofia juu ya cherehani.

"Mjomba, ipunguze."

"Inabana?"

"Haibani. Punguza ukingo. Wananiita uyoga."

"Nani?"

"Darasa zima. Zamani ilikuwa zeruzeru, sasa ni zeruzeru uyoga. Nikipita wanasema, eh, jana mvua ilinyesha, oneni kimeota nini!"

Niliinuka nikavua tepu ya kupimia shingoni. Nilitaka kwenda huko huko, saa hiyo hiyo. Dada yangu akasimama mlangoni. "Kaka, kaa chini. Ukienda na mdomo wako huo utamharibia zaidi."

Nikakaa. Mpwa wangu akalia, na mimi kilio chake sikiwezi. Nikachukua mkasi. Kwa dakika kumi ukingo wa vidole vinne ukawa wa vidole viwili. Nilijua ninachokata. Nilikata hivyo hivyo, kisha nikamwambia amependeza.

Sasa njoo Jumanne. Shule nzima ilikuwa inatayarisha uwanja wa michezo. Kwa makubaliano kati ya dada yangu na shule, mpwa wangu hupewa kazi za ndani, kama kupanga vitabu stoo. Ratiba ya kazi huandikwa na kiranja wa darasa, msichana wa umri wake, ambaye pia huibandika mlangoni. Jumanne hiyo kiranja alimweka uwanjani, kung'oa majani. Akapiga magoti mgongo ukielekea jua, kofia ya vidole viwili kichwani, saa tatu nzima.

Jioni shingo yake ilikuwa nyekundu kama nyama. Usiku homa. Asubuhi malengelenge.

Muuguzi wa zahanati, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimtazama shingo kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Nani kamweka huyu juani?"

"Shule."

"Na kofia hii nani kaishona?"

"Mimi."

Akaigeuzageuza. "Hii ni kofia ya kwendea harusini, fundi. Inafunika nini?" Akaendelea huku akipaka dawa, taratibu, maana mtoto alikuwa anatetemeka. "Ngozi hii haisahau. Leo imeungua, itapona, lakini madhara yanabaki na kujumlishwa. Nimepokea watu hapa hawajafika hata miaka thelathini, wana kansa shingoni, na wote walianza na siku kama hii. Ukitaka kujua ni siku ngapi, hakuna anayekumbuka."

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini hakukataa. Alijibu akiwa amelala kifudifudi. "Mjomba, nikikataa wanasema najidekeza. Nimechoka kuwa wa peke yangu."

Alhamisi nikaenda shule. Dada yangu hakunizuia.

Mwalimu wa darasa alinipokea mlangoni, kijana, mpole, chaki mkononi. Akamwita kiranja mbele yangu. Kiranja akaniamkia vizuri, "Shikamoo, mjomba," kisha akasema bila kupepesa macho:

"Aliomba mwenyewe. Alisema amechoka na stoo."

"Aliomba kweli?"

"Ndiyo, mjomba. Kila mtu alisikia."

Ratiba ilikuwa bado imebandikwa pale pale mlangoni. Mimi si msomaji mzuri, lakini nikasoma kwa kidole, jina moja moja. Watoto arobaini na wawili. Arobaini na mmoja wana majina. Mstari wa mwisho umeandikwa: *Zeruzeru, uwanjani.*

"Mwalimu," nikasema, "hii karatasi imekaa hapa toka lini?"

"Toka Jumatatu."

"Na wewe unapita mlango huu mara ngapi kwa siku?"

Akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona. Nadhani kweli ndiyo kwanza alikuwa anaiona, na hilo ndilo lilinichoma zaidi.

"Niruhusu niseme na darasa lako," nikamwambia. "Sitatukana. Nitajaribu."

Nikasimama mbele. Kiti cha mpwa wangu kilikuwa kitupu. Nikawauliza, "Mpwa wangu anaitwa nani?"

Msichana mmoja akalitaja jina taratibu.

"Mnalijua. Vizuri. Sasa niambieni majina mengine. Najua makwenu mnasema lugha mbalimbali. Watu kama mpwa wangu wanaitwaje kwenu? Semeni, leo ruksa."

Mwanzoni walicheka wakisukumana viwiko. Kisha mikono ikaanza kunyooshwa, na nikamwomba mwalimu aandike ubaoni. Mmoja alisema kwa lugha ya bibi yake neno lao lina maana ya mzimu. Mwingine akasema kwao ni kuku aliyenyonyolewa. Kwa mwingine ni asiyekufa, anapotea tu. Mwingine karatasi. Mvulana wa nyuma akasema kwa sauti ya kujidai, "Letu ni zuri, mjomba. Mtoto wa mvua."

"Na huyo mtoto wa mvua, ukikutana naye unamwita hivyo au kwa jina lake?"

Akakaa.

"Kuna albino," akasema msichana wa dirishani. "Hilo si tusi, ni la kitaalamu."

"Maana yake?"

Mwalimu akajibu kwamba limetokana na neno la lugha ya kale, maana yake weupe.

"Weupe," nikasema. "Haya, pamoja na zeruzeru la Kiswahili chetu, tumepata lugha saba. Mimi nilikoacha shule hatukufika mbali, nisaidieni kusoma. Ubaoni hapo kuna mzimu, kuku, karatasi, mvua, rangi. Nionyesheni neno moja, kwa lugha yoyote, linalosema huyu ni mtoto, msimweke juani."

Macho yao yakapita ubaoni, juu mpaka chini.

"Mnalitafuta? Halipo. Mmempa majina saba na hakuna hata moja lililomfunika shingo. Wakati nyinyi mnamwita uyoga alikuja akaniomba nikate kofia yake. Nikaikata. Mimi, mtu mzima, fundi, mjomba wake. Niliogopa mdomo wenu kuliko nilivyoogopa jua. Kwa hiyo sijaja hapa kama mtu safi. Lakini mimi kosa langu nimelitaja. Bado la mtu mwingine."

Sikumtazama kiranja, makusudi kabisa. Nje kengele ikalia na hakuna aliyeinuka.

"Hakuomba," kiranja akasema hatimaye.

"Sema kwa sauti," mwalimu akamwambia.

"Hakuomba, mwalimu! Walikuwa wananiambia napendelea. Wanasema mimi ni yaya wa zeruzeru. Nikasema leo nitawaonyesha. Aliniuliza, nikamwambia toka kama wenzako." Akaanza kulia. "Sikujua ataungua vile."

"Ulijua kwa nini anakaa stoo?"

"Nilijua."

"Basi ulijua," nikasema. Najua alikuwa mtoto. Sikulainisha.

Mwalimu akafuta ubao. Akaichana ile ratiba mlangoni, akaandika nyingine mwenyewe, majina arobaini na mawili, la mpwa wangu likiwa mahali pake katika mpangilio. Akaniambia mbele ya darasa, "Nilipaswa kuiona. Samahani, mzee." Jumatatu yake akawaita wazazi, na kazi zote za nje zikahamishiwa asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda.

Kiranja alivuliwa ukiranja. Hilo sikulitaka wala sikulikataa. Nilichotaka ni mikono yake. Kila siku baada ya masomo alikuja kwangu, ananipa daftari alimomnakilia mpwa wangu masomo ya siku hiyo, kisha anakaa chini ya dirisha na kufumua. Nilimpa ile kofia ya vidole viwili aifumue uzi mmoja mmoja. Nikamfundisha kupima, kukata, kuweka kitambaa kigumu katikati. Alijichoma sindano mara nyingi. Alipomaliza ukingo mpya, nikamwambia apime.

"Vidole vinne, mjomba."

"Vya nani?"

Akaangalia vidole vyake, vyembamba, akaangalia vyangu. Akacheka kidogo, mara ya kwanza toka aanze kuja. Akafumua tena, akashona upya kwa kipimo cha vidole vyangu.

Aliipeleka mwenyewe chumba cha ndani, ambako mpwa wangu alikuwa bado anauguza shingo. Nilisikia akimwita kwa jina, lile la mama yangu. Kisha sauti ya mpwa wangu, kavu kama ya bibi yake: "Mshono wa hapa umepinda."

"Nitarudia."

"Rudia."

Alipotoka nilimwambia mambo mawili, na wewe unayesoma nakuambia hayo hayo. Kumwita mtu kwa jina lake si adabu ya mdomoni tu. Ukishamwondolea mtu jina, unaweza kumweka popote, hata pale unapojua atadhurika, na usisikie kitu. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo. Uongo wake wa "aliomba mwenyewe" ulimfikia dada yangu Jumatano kupitia watoto wa jirani, akamfokea mgonjwa usiku kucha, akidhani kweli alijitakia.

Mpwa wangu amerudi shuleni. Anakaa mbele. Kofia ni ile iliyoshonwa na rafiki yake, kama ni rafiki, bado hawajaniambia.

Gharama ni hii. Siku kumi na nne nje ya darasa. Mtihani mmoja wa katikati ya muhula, ambao haukurudiwa. Ngozi ya shingo, iliyobambuka mara mbili. Usiku sita wa kulala kifudifudi. Alama moja nyuma ya sikio la kushoto, ukubwa wa kifungo cha shati, ambayo muuguzi anaiangalia kila baada ya miezi mitatu na ataiangalia miaka yote. Na vidole viwili vya kitambaa, ambavyo nilivikata mwenyewe.