Namba Nzuri za Nduku

Jogoo wa jirani alipowika mara ya pili, Nduku alikuwa tayari amepiga magoti kando ya chungu. Kilikuwa chungu kidogo cha udongo, kimekaa ndani ya kingine kikubwa, na katikati yake mchanga uliolowa maji. Humo ndimo ilimokaa chupa yake ya insulini, kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na friji, na jua la Kyuso halina huruma na dawa.

Alivuta dawa kwa sindano, akaitazama kwenye mwanga wa mlango kuona kama ina mapovu, kisha akajidunga pajani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa miaka minne sasa alikuwa akiishi na kisukari aina ya kwanza. Mwili wake ulikuwa umeacha kutengeneza insulini, basi yeye aliuletea mwenyewe, asubuhi na jioni.

"Umepima?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Nimepima, mwaitu."

Hakuwa amepima. Alikaa kizingitini na daftari la kuandikia vipimo vyake vya sukari magotini, akavitazama vilima vya Mumoni. Siku hizi vilima vilionekana kama vimeyeyuka ndani ya maziwa, na mashamba ya ndengu yalielea bila mipaka. Nduku alipenda kuwaza kwamba dunia yote bado imelala, na kwamba yeye peke yake ndiye anayepita katikati ya ndoto yake. Kisha akachagua namba, kama mtu anayechagua ushanga wa kutunga, akaiandika: sita nukta tatu.

Mchezo huo ulianza baada ya harusi ya binamu yake Kavindu. Siku ile alikula pilau sahani mbili na kunywa soda, na alipopima, mashine ilionyesha kumi na tano, juu mno. Keshoye ulikuwa mkutano wa kikundi chao. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, watu wenye kisukari aina ya kwanza kutoka Kyuso na hata Tseikuru walikutana katika chumba kimoja hospitalini, wakasomeana namba zao na kupeana moyo. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Mwau, fundi wa nguo aliyeishi na ugonjwa huo kwa miaka thelathini. Namba ikiwa nzuri, watu walipiga makofi. Nduku aliona aibu kusoma kumi na tano. Akasoma saba. Makofi yakapigwa, naye akahisi joto tamu kifuani.

Tangu hapo hakuweza kuacha. Vidole vilikuwa vimechoka kutobolewa, na namba za kubuni hazikuuma. Mwezi uliofuata alipigiwa makofi tena, na mwezi wa tatu Mama Mwau akamsimamisha mbele ya wote.

"Hasina," Mama Mwau alimwita msichana aliyekuwa ameketi karibu na mlango, "huyu Nduku atakuwa mwenzako. Mko shule moja. Ukikwama, muulize yeye."

Hasina alikuwa na miezi miwili tu tangu augue. Baba yake, Bwana Sufian, aliuza tende na vitambaa sokoni Kyuso. Alikuwa msichana mpole, mwenye sauti ya chini, na namba zake zilikuwa za kutisha: kumi na nne, kumi na sita, kumi na tatu. Alizisoma zote bila kuficha hata moja, macho yakiwa sakafuni.

Baada ya mkutano alimfuata Nduku nje. "Dada, wewe unafanyaje? Baba halali kwa sababu ya hizi namba zangu."

Nduku angeweza kusema ukweli pale pale. Lakini kuitwa dada, na kutazamwa kwa macho yale yaliyojaa tumaini, kulimlevya. "Ni rahisi," alisema. "Daktari anasema tule kitu saa nne, sivyo? Mimi siku hizi sili. Na chakula cha mchana naonja tu. Ndiyo maana sukari yangu haipandi."

Hasina aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekariri sala.

*

Alhamisi iliyofuata Hasina aliomba ruhusa kwa baba yake aende kwa kina Nduku. Stima ilikuwa imepotea sokoni kwa siku tatu, friji yao ikawa kabati tu, na alitaka kujionea chungu cha mchanga kinavyotunza dawa. Walipotoka shule walishika njia pamoja.

Ilikuwa saa kumi. Upepo ulikuwa umelala. Njia iliteremka hadi kwenye mto uliokauka, mchanga wake mweupe ukinyooka mbali kama kitambaa kilichoanikwa. Nduku alikuwa na kiu, kiu yake ya kila siku, na mambo yote mbele yake yalikuwa na ukungu. Hasina alitembea kando yake akiburuta miguu.

"Nduku," alisema, "tunakanyaga unga."

Nduku alicheka. "Unga wa nani?"

"Wa bibi. Ameumwaga wote. Atatugombeza." Hasina alisimama, akachutama, akauchota mchanga na kuuacha umwagike kati ya vidole. "Unamsikia? Anatuita tukale."

Nduku aliupenda mchezo huo. Naye alifumba macho akasikiliza. Alisikia kengele ya mbuzi mahali fulani, na nyuki, na kwa muda aliona kwamba inawezekana kabisa, bibi yupo ng'ambo, na unga ni mwingi, na hakuna haja ya kufika popote.

"Mwambie tunakuja," alisema.

"Mbona unanicheka?" Sauti ya Hasina ilikuwa imebadilika, kali na yenye kigugumizi. "Wewe ni nani? Nataka kwenda nyumbani."

Nduku alifumbua macho. Uso wa mwenzake ulikuwa umelowa jasho, matone yakimtiririka kutoka chini ya mtandio, na midomo ilikuwa ikitetemeka. Alimshika mkono. Ulikuwa baridi, katika joto lile.

Ndoto yote ikamtoka Nduku mara moja. Sukari ilikuwa imeshuka. Mama Mwau alikuwa amewafundisha dalili hizo kila mwezi, wakaziimba kama wimbo.

"Hasina, umekula nini leo?"

Hasina hakujibu. Alikuwa ameketi mchangani, kichwa kikiyumba. Nduku alifungua mkoba wa mwenzake akitafuta chochote. Akakuta viazi vitamu viwili vilivyochemshwa, vimefungwa kwenye karatasi vizuri, havijaguswa. Vilikuwa vya saa nne.

Alivitazama viazi vile. Hasina alikuwa amefanya sawasawa na alivyoambiwa.

Mfukoni mwake Nduku alikuwa na sukari kidogo kwenye kijikaratasi, kama ilivyokuwa sheria ya kikundi. Lakini maji hayakuwepo, na kinywa cha Hasina kilikuwa kikavu. Alisimama akapiga kelele kwa nguvu zake zote. "Tusaidieni! Kuna mtu hapo?"

Kwenye kona ya mto, mwanamke mmoja aliinua kichwa kutoka katika kisima alichokuwa amekichimba mchangani. Punda wake wawili walisimama kando na madumu yao. Aliposikia kelele alikuja mbio, kanga mkononi.

"Aiya! Amefanya nini? Ni malaria?"

"Hapana, mama. Ni kisukari. Naomba maji, haraka."

"Kisukari, na unataka kumpa sukari?" Mwanamke alimshika mkono kumzuia. "Utamuua mtoto wa watu!"

"Mama, alijidunga dawa asile, sukari yake imeshuka. Nami ninao ugonjwa huu huu. Niamini, nakuomba."

Mwanamke alimtazama usoni, kisha akakimbia kuleta maji kwenye kifuniko cha dumu. Nduku aliikoroga sukari kwa kidole. "Meza, Hasina. Kidogo kidogo. Meza tena." Alimshikia kifuniko mdomoni. Hasina alimeza. Walingoja. Punda mmoja alipiga pua. Kivuli cha ukingo wa mto kilisogea hadi miguuni mwao, na Nduku akahesabu pumzi za mwenzake, maana hakujua la kufanya zaidi.

Hatimaye Hasina akainua macho. "Kwa nini nimekaa chini?" aliuliza kwa sauti yake ya kawaida. Nduku alimpa kiazi, akamtazama akikila chote, akalia.

*

Mwanamke yule aliwasindikiza hadi nyumbani, Hasina akiwa amepandishwa mgongoni mwa punda. Mama yake Nduku alimpima kidole mara moja: nne nukta nane. Hatari ilikuwa imepita. Alipiga simu, na muda si mrefu pikipiki mbili zikaingia uani, moja imembeba Bwana Sufian, nyingine Mama Mwau aliyekuwa bado na futi ya kupimia shingoni.

Bwana Sufian alipiga magoti mbele ya binti yake. "Mwanangu, kwa nini hukula? Si nilikufungia viazi mwenyewe?"

"Nilisahau, Baba," Hasina alisema. Alimtupia Nduku jicho, kisha akainamisha kichwa.

Alikuwa akilificha kosa la mwenzake. Nduku alielewa kwamba akinyamaza, mambo yataishia hapo. Watu wazima wangemwonya Hasina asisahau tena, na wangemshukuru yeye kwa kumwokoa. Bwana Sufian alikuwa tayari amemgeukia na mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Hakusahau," Nduku alisema. "Ni mimi niliyemwambia asile."

Akaendelea kabla ujasiri haujamwisha. "Nilimwambia ndivyo ninavyofanya ili nipate namba nzuri. Ni uongo. Sijui namba zangu. Sijapima tangu harusi ya Kavindu. Nimekuwa nikiziandika tu."

Mama yake alikaa juu ya kigoda. Baadaye kidogo aliichukua mashine, akamshika binti yake kidole, akakitoboa. Wote walingoja. Kioo kilionyesha kumi na tisa nukta nne.

"Sasa naelewa kwa nini unamaliza mtungi wa maji peke yako," mama alisema taratibu. "Nami nilidhani ni joto."

"Nisamehe, mwaitu. Nisamehe, Baba Hasina."

Bwana Sufian alivuta pumzi ndefu. "Nimekasirika, sitakuficha," alisema. "Lakini ungenyamaza, kesho mwanangu angeruka chakula tena. Kwa hilo nakushukuru."

Asubuhi yake Nduku na mama yake walikwenda hospitalini. Daktari hakumgombeza. Alimweleza kwamba msichana anayerefuka huhitaji insulini zaidi, na kwamba yeye angeiongeza miezi miwili iliyopita kama daftari lingemwambia ukweli. Kwa sababu ya zile sita na saba za kubuni, alikuwa ameiacha dawa kwa kiwango kile kile. Kipimo kikaongezwa kidogo kidogo. Baada ya siku kadhaa kiu ilipungua. Baada ya wiki mbili Nduku alikaa kizingitini asubuhi moja, akashangaa. Vilima vya Mumoni vilikuwa na miti. Aliweza kuiona mmoja mmoja. Ukungu haukuwa wa dunia; ulikuwa wa macho yake, na sukari ndiyo iliyokuwa imeuleta.

Jumamosi ya mkutano ilipofika alitaka kubaki nyumbani, lakini Hasina alikuja kumchukua. Waliketi pamoja. Zamu yake ilipofika, Nduku alisimama, akaeleza yote aliyoyafanya, kisha akasoma namba zake za kweli: kumi na saba, kumi na mbili, tisa, nne nukta moja, kumi. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa Tseikuru aliinua mkono polepole, akasema kwamba naye daftari lake lina kurasa chache za kubuni. Mzee mmoja akakohoa na kusema yeye pia.

Mama Mwau alisimama. Alivua kiatu cha kushoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yao, akawaonyesha mguu usio na vidole viwili.

"Nilipokuwa na umri kama wa Nduku," alisema, "nilimdanganya daktari kwa miaka sita. Sikuwa na kikundi. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba nimechoka. Siku niliyosema ukweli, mguu ulikuwa umeshaanza kuoza." Akavaa kiatu chake. "Leo nami nina kosa la kuungama. Mimi ndiye niliyeanzisha yale makofi. Nilidhani nawapa moyo, kumbe niliwafanya wengine waogope. Kuanzia leo hatupigi makofi kwa namba yoyote. Kipimo si mtihani, watoto wangu. Hakuna anayefaulu wala anayeanguka. Namba inakuambia tu ufanye nini sasa: ule, udunge, au upumzike. Unaweza kumdanganya daktari, unaweza kumdanganya mama, lakini mwili hausomi daftari. Na uongo wako hauishii kwako. Kuna mwenzako anayekutazama ili ajue njia. Ukichoka, useme umechoka, tukubebe. Ndiyo kazi ya kikundi."

Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro. Jikoni mwa hospitali, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na ndengu ulikuwa umeiva, na harufu yake ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Haya," alisema, "wa kupima apime, tule kwa wakati."

Mikoba ikafunguliwa. Nduku alitoa mashine yake, akanyoosha kidole, akafumba jicho moja.

"Nikutoboe mimi?" Hasina aliuliza.

"Nitoboe," Nduku akasema.