Dohani ya Stella Serena

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwaka wa 1975, soko la Kikula mjini Likasi lilijaa hadi barabarani, kwa sababu sukari ilikuwa imefika. Katikati ya msongamano ule, mwanamume mrefu aliyevaa abakosti, suti ya kijivu isiyo na tai, alikuwa akienda meza hadi meza akiomba vifuniko vya makopo ya maziwa. Hakutaka makopo. Alitaka vifuniko tu.

"Papa, mufuniko iko hapa, sufuria uliacha wapi?" muuza mahindi alimuuliza, na wenzake wakacheka.

"Si ya sufuria, mama. Ni ya madirisha ya meli."

Nyuma ya cherehani yake, Berthe alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alikuwa na libaya ya njano yenye mikono mipana na kikwembe kilichofungwa vizuri kiunoni, na nywele zake alizisuka kwa uzi mweusi, zikasimama kama miiba.

"Meli hapa Likasi?" alisema. "Itaelea mu mavumbi?"

"Itaelea juu ya remorki ya lori, mademoiselle. Siku ya sikukuu ya chama."

"Usiniite mademoiselle. Watu banasikia. Sema citoyenne, vile chama inataka."

"Citoyenne, basi. Lakini macho yako bado ni ya mademoiselle."

Wanawake walipiga kelele. Berthe aliinama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka. Alipoinuka, alikuwa na vifuniko vinne vya makopo mkononi, na bei yake ilikuwa kuelezwa habari za hiyo meli.

Mwanamume huyo aliitwa Lambert. Wazazi wake walitoka Kasai zamani, wakati kampuni ya shaba ilipokuwa ikitafuta wafanyakazi. Mwaka wa 1958, akiwa na miaka kumi na saba, alishuka hadi Matadi na kuajiriwa kuosha sahani katika meli ya abiria, na hakurudi Likasi mpaka mwaka uliopita. Sasa alikuwa fundi katika karakana ya kampuni. Mkuu wake alipoagizwa kupeleka gari lililopambwa kwenye maandamano, alimwita. Kiongozi wa nchi aliitwa nahodha katika hotuba zote, kwa hiyo karakana ingetengeneza meli, na ni Lambert peke yake aliyewahi kuiona bahari.

Jioni za siku zile, kabla jua halijazama, alimpitia Berthe sokoni na kumbebea cherehani hadi kwao.

"Ilikuwa kubwa namna gani?" Berthe aliuliza.

"Gorofa saba. Ukiilaza hapa Kikula, mbele iko sokoni, nyuma iko karibu ya kanisa. Ilijengwa karibu na Anvers, kule Ubelgiji, na jina lake la kwanza ilikuwa Ville de Malines. Mabomba ya maji yote ni shaba. Pengine shaba ya hapa hapa kwetu."

"Na ndani?"

"Première classe, ya matajiri, iko na salon ya mbao nyeusi, na piano imefungwa chini kwa misumari, isikimbie wakati wa mawimbi. Juu iko bwawa la kuogelea. Ukifunika na mbao, usiku banacheza pale dansi."

"Muongo weye! Maji juu ya maji?"

"Minye mwenyewe nilipanga viti, chérie."

Alimweleza jinsi meli ile ilivyowaleta Wabelgiji na masanduku yao makubwa, na jinsi mwaka wa sitini ilivyowarudisha wakiwa na mabegi ya mkononi tu. Baadaye watu walianza kusafiri kwa ndege, vyumba vikabaki vitupu, na tajiri mmoja wa Genova akainunua. Mafundi walikata ghala za mizigo wakazigeuza vyumba vya kulala, wakajenga bwawa la pili, wakaipaka nyeupe yote na kuiita Stella Serena. Haikubeba tena watu wenye safari. Iliwatembeza matajiri kutoka kisiwa hadi kisiwa na kuwarudisha palepale walipotokea.

"Banalipa juu ya kurudi palepale?"

"Na banashukuru. Halafu mafuta yakapanda bei. Wakaiuza kama chuma chakavu, na minye wakanipa tiketi ya kurudi nyumbani."

Alisema hayo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeeleza msiba wa ndugu. Berthe alimshika mkono, kisha akauachia upesi, kwa sababu mbele yao alikuwa anakuja Casimir.

Casimir aliongoza vijana wa chama na kikundi cha wachezaji ngoma za kusifu chama, ambamo Berthe, kama wasichana wengi wa mtaa, alicheza kwa lazima. Alikulia mbali, upande wa magharibi ya nchi, na hakupenda kuitwa Casimir tena, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Hakuwa mtu mkatili. Lakini aliandika ripoti kila juma, na hakuna aliyejua zinaishia wapi. Alikuwa amewahi kumwambia Lambert kwamba meli ingependeza ikipakwa kijani kitupu, rangi ya chama, na Lambert alikuwa amekataa kwa upole. Pia alimpenda Berthe. Jambo hilo mtaa wote ulilijua.

Juma moja kabla ya sikukuu, Berthe alipeleka karakanani vitambaa alivyoshona vya kufunika sitaha. Mlango mkubwa ulikuwa wazi. Meli ilikaa juu ya remorki, nyeupe, na vifuniko vya maziwa viling'aa ubavuni mwake. Na juu yake, katikati, ilisimama dohani.

Sehemu ya juu ilikuwa nyekundu. Ya chini ilikuwa nyeupe. Kati yake ulipita mkanda wa kijani, umelala mshazari.

Berthe alisimama mlangoni, vitambaa mikononi.

Alikuwa mtoto wa shule bendera ile ilipokuwa ikipepea juu ya kila ofisi ya Katanga, miaka ile jimbo lao lilipojitenga na nchi. Alikuwa na miaka kumi na minne Katanga iliposhindwa na mama yake akaishusha ile ya nyumbani, akaikatakata kwa mkasi na kuichoma katika mbabula ya makaa, akipika juu yake bukari, ugali wa mchana. Kaka yake mkubwa, Stanislas, aliyekuwa mwanajeshi wa Katanga, alikimbilia Angola mwaka wa 1967, na tangu hapo jina lake halikutamkwa nyumbani hata katika sala.

Aliwatazama mafundi. Édouard, mzee wa kulehemu, alikuwa ameinamia kazi yake. Wengine nao waliinama. Wote waliizunguka dohani ile bila kuiangalia, na Berthe akaelewa. Wote walikuwa wameona. Kila mmoja alidhani labda amri imetoka juu, na hakuna aliyeweza kuuliza, maana kuuliza ni kukiri kwamba unaikumbuka.

"Imekaa muzuri, hein?" Lambert alisema, akipangusa mikono. "Ni rangi zake kabisa, za yule tajiri wa Genova."

Casimir, ambaye hakuwahi kuiona bendera ile, alikuwa amesimama karibu, akitabasamu. "Citoyenne, kunyamaza kwako ni kwa nini?"

"Niko naangalia," Berthe alisema.

Kesho yake, kwa kuwa Lambert sasa hakutoka karakanani hadi usiku, alikwenda duka la dawa alikofanya kazi binamu yake Anne, akaomba simu. Laini ya karakana ilipitia kwa opereta wa kampuni, na Berthe alisikia pumzi ya mtu wa tatu.

"Lambert, ni minye."

"Moyo yangu! Umekula?"

"Sikia. Ile shemine, dohani ya meli. Badilisha rangi."

"Kwa nini?"

"Tu vile. Weka kijani yote. Inapendeza."

"Hayo ni maneno ya Casimir."

"Hapana."

"Ni yeye alisema kijani. Ameketi hapo pembeni yako?"

"Lambert, kama unanipenda, badilisha."

"Meli ile ilinilisha miaka kumi na sita, Berthe. Ilikufa, na hii ndiyo kaburi lake. Mwambie Casimir apake nyumba yake."

Simu ilikatwa. Ile pumzi ya tatu ilibaki kidogo, kisha nayo ikatoweka. Tangu siku ile Lambert hakumpitia tena sokoni.

Habari zilienea kwamba ofisa wa usalama angekuja kukagua magari yote siku mbili kabla ya sikukuu. Alikuwa amepigana Katanga, upande wa serikali, wakati wa vita vya kujitenga. Huyo angeitambua dohani ile kwa jicho moja, na Lambert angepandishwa jeep ya usalama, na walioondoka na jeep ile mara nyingi hawakuonekana tena.

Siku ya ukaguzi, mafundi walipotoka kula mchana, Berthe aliingia. Pembeni palikuwa na ndoo ya lami ya kuzibia paa. Alipanda ngazi, kikwembe kimekunjwa magotini, na kuipaka dohani lami kwa ufagio. Aliharakisha hata lami ikamrukia usoni. Alifunika nyekundu kwanza, kisha kijani. Alikuwa akimalizia nyeupe aliposikia viatu.

Walikuwa wengi mlangoni. Lambert alikuwepo, na Édouard, na Casimir, na nyuma ya Casimir mtu mfupi mwenye miwani myeusi, ambaye watu walimwachia nafasi bila kuambiwa.

"Berthe!" sauti ya Lambert ilipasuka. "Unafanya nini?"

Yule wa miwani hakupaza sauti. "Swali nzuri. Juu ya nini unaharibu kazi ya chama, citoyenne?"

Ngazi ilitikisika chini yake. Jibu la kweli lingewamaliza wote wawili, na nyumba ya wazazi wake pia. Berthe alivuta pumzi, akaweka mkono mweusi kiunoni, akaanza kupiga kelele.

"Mumuulize yeye! Mumuulize huyu malaya wa baharini! Kila siku meli, meli, meli! Alikuwa na mwanamuke mule ndani! Anamujengea sanamu, halafu minye nishone mapazia ya kitanda chao? Haipite! Na nyie wanaume wote muko sawasawa!"

Alitupa ufagio. Ulianguka karibu na viatu vya Casimir, na lami ikarukia suruali yake.

Kisha mtu wa miwani akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kitambaa, na karakana nzima ikacheka naye. "Mwanamuke na wivu," alisema akifuta macho. "Hata jeshi halimuwezi. Acheni nyeusi. Meli iko na moshi, si ndiyo?" Akaenda kukagua gari lililofuata.

Lambert peke yake hakucheka. "Sikuwa na mwanamke yeyote," alisema. "Ulitaka kunichafua tu mbele ya watu. Kwa heri, Berthe."

Berthe alishuka ngazi na kupita katikati ya vicheko, uso juu, lami ikimkauka shavuni.

Meli ilipita katika maandamano na dohani nyeusi, watu wakapiga makofi. Lambert alitembea ubavuni mwake bila kuwatazama wachezaji. Siku iliyofuata, karakanani, mzee Édouard aliwasha mashine ya kusaga chuma, akaiacha ipige kelele bila kusaga chochote, na kumwita kwa kidole.

"Mwaka ya sitini ulikuwa wapi?" alimuuliza sikioni.

"Baharini."

"Sitini na moja? Mbili?"

"Baharini, mzee."

"Njo maana. Nyekundu, kijani, nyeupe, mushazari. Ilikuwa bendera ya hapa. Minye niliona, nikaogopa. Sisi wote tuliogopa. Ule mutoto mwanamuke tu hakuogopa. Ao aliogopa, lakini alipanda ngazi."

Kisha akazima mashine, na akawa mtu asiyesema kitu.

Lambert alifika kwa kina Berthe saa kumi. Alimkuta uani, pini mdomoni, akimpima Casimir suruali mpya, kwa kuwa ilibidi amlipe ile iliyoharibika. Casimir alikuwa amesimama juu ya kigoda kama sanamu. Lambert alikuwa amejiandaa kusema neno moja tu, asante, na sasa, mbele ya mtu anayeandika ripoti, hakuweza kulisema.

Alipiga magoti vumbini.

"Berthe, ni kweli. Nilikuwa na mwanamuke katika meli. Nilikana mbele ya watu, na ulikuwa na haki. Unisamehe."

Berthe alitoa pini mdomoni, moja moja. Alimtazama kwa muda mrefu, na akaona kwamba anajua.

"Umechelewa kukiri," alisema.

Casimir aligeuka juu ya kigoda, macho yamekuwa madogo. "Kumbe. Aliitwa nani?"

Kuku walisikika wakiparua ukutani.

"Camille," Lambert alisema.

"Wa kabila gani? Alifanya kazi gani?"

"Usimuulize mbele yangu!" Berthe alipiga kelele, akamchapa Casimir mguuni kwa utepe wa kupimia. "Unataka anihesabie na meno yake? Simama sawa, ao suruali itakuwa mguu moja mufupi!"

Casimir aliinua mikono akicheka, lakini alimtazama Lambert mara moja zaidi kabla ya kushuka. Alisema atarudi Ijumaa. Walisikia viatu vyake vikienda hadi kona, vikasimama, vikaendelea.

Lambert bado alikuwa amepiga magoti. Berthe alimshika mikono yote miwili.

"Mjomba wangu atakuja siku ya mungu, kisha misa, kuona baba yako juu ya ndoa yetu," Lambert alinong'ona. "Ukikubali."

"Akuje." Kisha akainama zaidi. "Lakini ile jina Camille, ulilitoa wapi mbio vile?"

"Mupishi wa keki. Mwanaume. Iko na masharubu mpaka hapa."

Berthe aliziba mdomo kwa kikwembe. Walicheka kama watu walivyocheka miaka ile, kwa mabega tu, bila sauti, huku wakisikiliza barabara.