Kitambaa Juu ya Kilindadamu

Uvumi ulianzia bombani, na Sikudhani hakuweza kuutoa kichwani: wakubwa wa kampuni wanavipunguza kasi vilindadamu vya Kihonda Juu makusudi, ili watu watake vipya.

Chake kilikaa juu ya kabati la vyombo. Kilisoma damu ya bintiye Mwatumu, mwenye kisukari, kupitia bangili ya mkononi, kisha kikaiamuru bangili imchome dawa. Ndani mlikuwa na kompyuta ya Linux na diski iliyotunza miaka saba ya damu ya mtoto. Zamani kilijibu kufumba na kufumbua. Siku hizi ungesonga ugali ukaiva, bado kinatafuta jibu.

Fundi Kasiani alikuja mara tatu. Kila mara aliondoa juu yake kitambaa alichofuma mama mkwe wa Sikudhani, akakikunja kwa heshima, akafungua boksi, akaandika amri zake.

"Diski inasoma megabaiti mia na themanini kwa sekunde, mama. Nzima kabisa."

"Nzima kwako! Ukitoka tu inaanza kuburuta miguu."

"Basi inanipenda mimi," alicheka. Akatandaza kitambaa tena juu ya boksi, pembe kwa pembe, akaaga.

Jumatano mchana kilindadamu kilitoa dawa, kikachelewa kuandika kwamba kimetoa, kikatoa tena. Mwatumu alianguka sebuleni. Alipona, lakini mkono wake wa kulia haushiki kalamu.

Sikudhani alilibwaga boksi na kitambaa chake kwenye meza ya Kasiani. "Wakubwa zako wamemla mwanangu!"

Fundi aliliwasha, akasita, kisha akalifunika kwa kitambaa. Wakatazama kioo cha kompyuta. Joto nyuzi arobaini. Hamsini na tano. Sabini. Kasi ikaporomoka: mia na themanini, kumi na mbili, tatu.

"Diski inajipunguza isiungue," alisema kwa sauti ndogo. "Matundu ya hewa yamezibwa."

"Na nani alikirudisha kitambaa?"

"Mimi."

"Mara tatu! Hukuona?"

"Nilihisi, mama. Lakini kazi ya mkono wa mama mkwe wako... ningekwambiaje ukiondoe?"

"Heri ungenitukana, Kasiani! Ningenuna wiki moja, nikasahau!"

Siku hiyohiyo Sikudhani alibandika karatasi bombani:

Usifunike kilindadamu, hata kwa kitambaa cha harusi.
Usikiegemeze ukutani upande wa matundu.
Kikiwa kizito kujibu, usikizime na kukiwasha ukadhani kimepona.
Usikubali fundi akipime kikiwa wazi. Akipime kilivyokaa kwako.
Usibebe maneno ya hapa bombani kabla hujashika boksi ukasikia joto lake.
Fundi, usimwonee haya mama wa mtoto.