Nyumba Isiyosema Hapana

Wenzangu wa Mjimwema, na ninyi wa Bombambili na Ruhuwiko mtakaosomewa maneno haya, nipeni masikio kidogo. Sitarefusha. Mimi mwenyewe nimechoka, na jambo lenyewe linachosha.

Ilikuwa jioni njema. Mahindi yalikuwa yameshaingia ndani, baridi ya mwezi wa saba imeanza kuuma, na jikoni kwa jirani yangu Kasiana ugali ulikuwa unasongwa. Ndipo Romwaldi alipoingia uani akiwa na mdogo wake Cornel, mume wa Kasiana, aliyekuwa anatoka hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali huko. Tukapiga vigelegele. Cornel ni fundi baiskeli wa Bombambili. Mwaka uliopita alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, akaacha kazi, akapelekwa. Sasa alikuwa amerudi, amenenepa, macho yametulia.

Muuguzi aliwaambia mambo matatu: asikose dawa, apewe kazi zake polepole, na asisumbuliwe kwa maneno ya kumuudhi. Nyumba ile ililishika hilo la tatu, mengine yakabaki njiani.

Siku za kwanza zilikuwa za kucheka. Alfajiri Cornel alitandika kitanda, akasimama pembeni mikono chini, akingoja kuhesabiwa. Asubuhi alikwenda na kikombe chake mlangoni pa jiko akapanga foleni, mbele yake kuku tu. Na kila mara alimwomba mkewe ruhusa ya kwenda chooni.

"Nenda tu, baba Violet," Kasiana alimwambia. "Choo umechimba mwenyewe."

Walicheka wote, na Cornel akacheka. Lakini Romwaldi aliona vibaya. Akawaita watu wa nyumba pembeni.

"Mtu asimcheke, mtu asimbishie. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, ni hapana. Mnataka arudi kule?"

Spana za Cornel zikafichwa uvunguni. Akipiga chafya, wanashtuka. Nyumba ikawa kimya kama imelaza mgonjwa, na mgonjwa hayupo.

Hata Valence akanyamaza. Huyu Valence ni Mhehe, anauza viatu vya mitumba jirani na kibanda cha Cornel, na mnajua sisi Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu. Zamani walikuwa wakitukanana kutwa nzima. "Mngoni, leo umekula panya wangapi?" "Kaa mbali na mbwa wangu, Mhehe, nakuona unavyommezea mate." Sasa Valence akikutana naye anainamisha kichwa: "Habari za afya, ndugu Cornel." Jamani! Sisi mtani hamwachi hata marehemu, humchezea mpaka makaburini. Huyu alikuwa hai, na amepona, wakamnyima utani.

Siku moja Cornel alikuja kwangu nikichambua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

"Bibi, jana niliwaambia nyumbani kwamba jua limechomoza upande wa Mbinga, kule linakozama."

"Wakasemaje?"

"Kaka akasema hata yeye ameliona. Kasiana akasema lilikuwa zuri."

Nilicheka mpaka ungo ukaniponyoka. Yeye hakucheka.

"Nikisema la kweli wanaitika. Nikisema la uongo wanaitika. Sasa, bibi, nitajuaje kama kichwa changu kimepona?"

Nikamwambia, "Jua linatoka Namtumbo, usinifanye mtoto." Akanishukuru kama mtu aliyepewa maji.

Kesho yake nikaenda hukohuko Namtumbo. Binti yangu Edna alikuwa amejifungua. Yaliyofuata alinisimulia Kasiana akilia.

Wakiwa wanakula, Cornel alisema, "Kuanzia leo sizimezi tena zile dawa. Nimepona."

Akawatazama mmoja mmoja.

"Sawa, mdogo wangu," Romwaldi akajibu. "Wewe ndiye unayejijua."

"Kama umeona hivyo, baba Violet," akasema Kasiana.

"Bibi, nilijua anakosea," Kasiana aliniambia. "Nilitaka kukataa. Naye alikuwa ananitazama kama mtu aliyebisha hodi, anangoja mlango ufunguliwe."

Mlango haukufunguliwa, na dawa zikaachwa kweli. Usingizi ukamtoka. Akaanza tena kusema na ukuta. Mwisho akakisukuma chakula: "Kina sumu hiki."

Na Romwaldi, kwa mazoea, akaitika: "Ndiyo, mdogo wangu."

Msomaji wangu, hebu lifikirie jibu hilo. Ndugu yako wa tumbo moja anakubali kwamba chakula chako kina sumu. Utakula? Cornel aliingia stoo, akajifungia, akakataa chakula.

Niliporudi nikawakuta wamejikunyata uani. Sikuwa na nguvu ya kugombana nao. Nikamwita Valence.

"Wewe ni mtani, au umehama?"

"Bibi, naogopa. Nikimtania, ugonjwa ukapanda je?"

"Umeshapanda. Umepanda bila utani. Nenda kamtanie."

Akachukua sahani ya ugali na maharage, akaketi mbele ya mlango wa stoo.

"Mngoni! Nimekuja kula ugali wako."

Sauti ndogo ikatoka ndani: "Una sumu."

"Hauna."

"Kaka amesema unayo."

"Kaka yako mwongo! Nani apoteze sumu yake kwa mtu anayekula panya na mkia wake na hafi?" Akamega tonge, akatafuna kwa kelele. "Mtamu huu. Naumaliza."

Tukangoja. Romwaldi alikuwa ameshika kichwa.

"Mhehe," sauti ikatoka, imekauka. "Umekuja kula ugali... kwani mbwa wamekwisha?"

Komeo likalia. Alitoka amekonda, midomo imepasuka, akamega tonge kwenye sahani ya Valence.

"Ukishiba tunakwenda hospitali," Valence akasema.

"Siendi."

"Unakwenda."

"Nimesema siendi."

"Nami nimesema unakwenda. Nyanyuka."

Walibishana mpaka ndani ya bajaji, lakini walikwenda.

Msidhani utani ulimponya. Alilazwa tena, muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Amerudi na dawa kubwa zaidi, mkono wake unatetemeka, na gurudumu alilokuwa akilinyoosha haraka sasa linamchukua kutwa. Wateja wengine wamehamia kwa mafundi wengine. Hayo ndiyo malipo ya ukimya wetu, na aliyeyalipa ni yeye.

Ila juzi, nikiwa nimekaa barazani, nilimsikia Kasiana ng'ambo ya migomba:

"Baba Violet, hapana! Mnyororo una grisi, unauweka juu ya kitambaa cha meza? Toa nje! Na dawa ya mchana hujameza, usinidanganye."

"Mwanamke wewe una kelele," Cornel akajibu.

"Ninazo. Meza."

Akatoka na mnyororo wake, akinung'unika kama mume mwingine yeyote. Nikasikia maji yakimiminwa kikombeni.

FUNZO

Ndugu zangu, mtu akirudi kutoka hospitali ya akili, mrudishieni nafasi yake nzima: kazi yake, watani wake, na haki ya kubishiwa anapokosea. Msimzomee, lakini msimwitikie kila kitu kama mtoto mchanga. Woga wenu msiuite huruma. Na akisema anaacha dawa, mwambieni hapana, mkiwa mmekaa karibu naye, kisha mwende naye kwa daktari. Anayekupenda hukukatalia. Mimi nimemaliza, nakwenda kulala.